Saini ya Mkuu wa Kaya

Gongoni, Tabora
Jumatatu, 6 Mei 2024

Baba Ruaa,

Raymundi dereva amefikisha salamu zako na ndoo mbili za asali. Sisi wazima. Ruaa anakohoa kidogo tu, nimempa asali na limau.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lenye tarehe, kwa hiyo usiiweke barua hii chini ya godoro ukasema utaisoma ukipata nafasi. Ile baa iliyofunguliwa mwezi wa pili kwenye nyumba ya marehemu Mzee Ghalibu, ukuta kwa ukuta na chumba chetu, imeomba kuongezewa muda. Leseni yao ni mpaka saa tano usiku. Wanataka saa nane. Tangazo limebandikwa mlangoni kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Leodgar. Kikao cha vileo ni tarehe 12 Juni, ofisi ya kata, na mwenye pingamizi aliwasilishe kabla au siku hiyohiyo.

Unajua naandika kila kitu kwenye daftari langu. Nakunakilia siku chache tu:

30 Aprili. Muziki umezimwa saa sita na robo.
1 Mei. Saa nane kasoro. Chupa imevunjwa chini ya dirisha letu.
3 Mei. Ruaa amelala na pamba masikioni.
4 Mei. Mtu amekojoa ukutani, upande wa kitanda. Nimegonga ukuta anyamaze kuimba. Naye amegonga.

Nilikwenda kwa Bwana Leodgar na pingamizi langu mkononi. Akalisoma lote, akavua miwani. "Mama Ruaa, umeandika kuliko wakili. Lakini nyumba iko kwa jina la Mabruki. Mambo haya yanataka saini ya mkuu wa kaya." Nikamwambia mkuu wa kaya yuko porini na nyuki. "Basi mfuate na kalamu," akasema.

Fomu iko ndani ya bahasha. Saini chini kulia, weka tarehe, mpe Raymundi. Usipande kile kichuguu kutafuta mtandao ili unipigie simu ya maneno mawili. Nataka karatasi.

Jambo la pili ni dogo. Mwenye baa, yule Jenifa, jana kanisimamisha nikitoka sokoni. Kaniamkia shikamoo, kana kwamba nimemzaa, na tunalingana miaka. Halafu akasema, "Kaka Mabruki hajambo huko Ipole? Mizinga mwaka huu imejaa?"

Amejuaje kama uko Ipole? Na ya mizinga amejuaje? Mimi jina lako sijawahi kulitaja mbele yake.

Mkeo,
Zuwena


Kambini, msitu wa Ipole
10 Mei 2024

Mama Ruaa,

Barua nimeipata. Naandika kwa jicho moja, la pili limeumwa na nyuki, kwa hiyo mwandiko usinicheke. Mizinga ya upande wa bondeni imejaa vizuri. Ya huku juu nyegere amekula kumi na miwili, na minne ameiangusha chini kwa makusudi, nadhani.

Fomu yako imepata ajali. Raymundi aliiweka juu ya ndoo isiyofungwa sawasawa, karatasi zikashikana, na nilipojaribu kuzibandua zikachanika. Basi sikuweza kusaini.

Kuhusu Jenifa, usimfikirie vibaya. Ni mwanamke anayejitafutia riziki kama watu wengine. Habari kwamba niko Ipole mtaa mzima unazo. Na kelele mtu huzoea. Sisi wiki ya kwanza hatukulala kwa ajili ya fisi, sasa akinyamaza ndipo tunaamka.

Redio inafanya kazi? Kama imeharibika, iache mpaka nije. Usihangaike kuipeleka popote.

Msalimu Ruaa.

Mabruki


Gongoni
Jumanne, 14 Mei 2024

Baba Ruaa,

"Anayejitafutia riziki." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, na mara ya tatu niliyasoma nimesimama. Mimi ninayeamka saa kumi kuchanganya unga wa vitumbua, sijui natafuta nini.

Juzi Jumapili niliingia kwake mchana, mara ya kwanza, kupeleka malalamiko ya chupa. Sikukaa. Nikaona juu ya friji ya bia ndoo nyeupe. Mfuniko umefungwa kwa kamba ya gome, na fundo ni lile lako, la kukunja mara mbili na kuficha ncha. Hakuna mtu mwingine Tabora nzima anayefunga ndoo namna hiyo. Hata wenzako wa kambini wanakutania kwa fundo hilo.

Nikamuuliza asali kaipata wapi.

"Zawadi, mama," akasema. "Na zawadi huwa siulizi bei."

Anavaa bangili za shaba mkono mzima, akiinua glasi zinalia. Mpaka sasa nikizisikia ng'ambo ya ukuta najua ni yeye yuko kaunta. Ana sauti ya kukwaruza, wanaume wanaipenda sauti hiyo. Unaipenda? Nauliza tu.

Redio ilikufa tarehe 8, kabla barua yako haijafika. Nikaipeleka kwa Fauzi. Unamkumbuka, yule fundi aliyekuwa amepanga chumba cha mbele kwa marehemu Mzee Ghalibu, mpaka Azan akapiga simu kutoka Dar kwamba nyumba nzima ya baba yake anampa Jenifa. Sasa amehamia njia ya Kipalapala, kibanda hakina hata dirisha. Anakusalimu. Ameitengeneza, inasikika vizuri ila usiku, kwa sababu usiku sisikii kitu chochote isipokuwa baa.

Fomu mpya hiyo hapo, nimeitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Asali haitaingia.

Zuwena


Kambini
20 Mei 2024

Zuwena,

Kutoka Gongoni mpaka njia ya Kipalapala si karibu. Ulikwenda kwa bodaboda au kwa miguu? Ulikwenda na Ruaa au peke yako? Redio hutengenezwa mtu akingoja, au uliiacha ukarudi siku nyingine? Kama ulirudi, ni mara ngapi?

Nilikuandikia iache mpaka nije.

Fomu nimeirudisha kama ilivyo. Sitaki ugomvi na majirani.

Mabruki


Gongoni
Jumanne, 28 Mei 2024

Mabruki,

Kwa miguu. Peke yangu, Ruaa alikuwa shule. Mara mbili, kupeleka na kuchukua. Nimejibu maswali yako yote. Sasa nijibu la kwangu.

Leo asubuhi nilirudi kwa Bwana Leodgar na fomu yako tupu. Nikamwomba anisaidie, kwamba mume wangu hataki ugomvi. Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtu wa ofisini inatisha. Akafungua jalada la baa, akaligeuza upande wangu, akaondoka akajifanya anatafuta muhuri.

"Mimi Mabruki Majidi, jirani wa ukuta kwa ukuta, sina pingamizi na kufunguliwa kwa baa katika nyumba tajwa." Tarehe 4 Februari. Saini yako, na ule mkia unaoupitisha chini ya jina.

Bwana Leodgar aliporudi aliniambia kwamba bila ridhaa ya jirani wa ukuta baa hiyo isingefunguliwa. Na hata sasa wakiomba muda zaidi, ridhaa yako ya mwanzo ndiyo wanayoishika mkononi.

Tarehe 4 Februari nilikuwa wapi? Nimetazama daftari. "Nimepika makande. Mabruki ametoka baada ya alasiri, amesema anakwenda kunyoa." Ulirudi na nywele zilezile, nikadhani kinyozi alikuwa na foleni.

Nikavuka kwa Jenifa palepale. Alikuwa anapanga kreti. Nakuandikia tulivyosema, neno kwa neno.

"Jenifa, mume wangu alikuja kwako?"

"Mama Ruaa, kaa kwanza."

"Mimi sikai baa."

"Haya, simama. Alikuja. Tena mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nimeanza kutafuta nyumba kule Cheyo, maana nani angeniambia nyumba ya Kiislamu itanipa saini? Akaja mwenyewe, jioni, na ndoo ya asali mkononi. Akaniuliza, utahamia lini?"

"Kwa nini alikuletea asali?"

"We mama! Mwanamume akikuletea asali unamuuliza kwa nini?"

Wasichana wake wawili wakacheka mpaka mmoja akaegemea kreti.

Miaka kumi na tatu nimekuwa mkeo, Mabruki. Asali yako nimeichuja, nimeitia kwenye chupa, nimebandika karatasi chupa kwa chupa. Hujawahi kuniletea ndoo ukaniwekea mbele ukasema hii yako. Na kwa mwanamke anayeuza pombe ulikwenda mwezi mmoja kabla ya Ramadhani kumbembeleza ahamie haraka, alale upande wa pili wa ukuta wetu.

Nimehamisha godoro. Nalala na Ruaa jikoni. Chumbani nilikuwa nasikiliza baa kwa namna nyingine: kila mwanamke akicheka ng'ambo, nilikuwa nataka kujua kama ni yeye, na kama ni yeye, anamchekea nani wakati wewe hupo.

Ukinyamaza mpaka tarehe 12 ipite, tarehe 13 mimi na Ruaa tunapanda treni kwenda Kigoma kwa dada Maua. Mtoto atamalizia darasa la saba huko.

Zuwena


Kambini
1 Juni 2024

Mke wangu,

Naapa kwa Mwenyezi Mungu, na hapa nimetia udhu, kwamba kati yangu na Jenifa hakuna kitu. Sijawahi kukaa naye, sijawahi kumgusa hata mkono. Mimi hata simpendi, anaongea kwa sauti kubwa.

Nimeandika barua ya kuondoa ridhaa yangu, iko ndani. Nimesema nilisaini bila kusoma, nikidhani ni duka la soda. Mpe Bwana Leodgar, jambo litakwisha, na hakuna haja ya kwenda Kigoma. Usimtoe mtoto shule.

Mabruki


Gongoni
Jumanne, 4 Juni 2024

Barua yako ya soda hiyo, nimeikata vipande vinne ili uione vizuri.

Mabruki, wewe husoma maandishi ya mfuko wa saruji kabla ya kuufungua. Karani wa maji ulimrudisha getini kwa sababu aliandika Majid badala ya Majidi. Leo unataka nisimame mbele ya kata nzima niseme mume wangu alisaini asichokisoma? Watanicheka. Na Jenifa ataleta ndoo.

Kama si yeye, basi ni nini? Mtu hafungui baa kwenye kichwa cha kitanda chake bure.

Andika kweli, au usiandike tena. Raymundi siku hizi anakuja kila siku kwa ajili ya msimu. Nguo za Ruaa nimeshazikunja.

Z.


Kambini
8 Juni 2024

Zuwena,

Nimeanza barua hii mara nne. Wenzangu wamelala, nimewasha taa ya nta, na sasa naiandika mpaka mwisho.

Tarehe 19 Januari nilirudi siku mbili kabla ya siku niliyokuambia. Nilishuka stendi, nikapita uchochoro wa nyuma na baiskeli mkononi. Nilipofika kona ya nyumba nikasikia mtu anacheka barazani. Sikujua ni nani. Nilisimama pale nikijiuliza ni mgeni gani ametutembelea, mwenye kicheko kizuri hivyo. Nikachungulia. Ulikuwa wewe. Umekalia kigoda changu, umefunika mdomo kwa ncha ya kanga, machozi yanatoka. Fauzi yuko chini kwenye mkeka, redio yangu ameifumua, ameshika bisibisi, naye anacheka.

Nilisimama ukutani mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu nikarudi nyuma, nikazunguka, nikaja kwa njia ya mbele nikikohoa. Ukasema, "Karibu. Umechoka?" Ukaingia ndani kunipashia chakula. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Usiku ule ulipolala nilifungua daftari lako. Najua ni kosa. Ulikuwa umeandika: "19 Januari. Maji yamekatika tangu asubuhi. Nyama nusu kilo. Fauzi ametengeneza redio barazani. Nimecheka. Mabruki amerudi mapema."

Nimecheka. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka mwezi wa tano wa mwaka jana. Umeandika bei ya mkaa. Umeandika homa ya Ruaa, vipimo na saa. Umeandika kila siku niliyoondoka na kila siku niliyorudi. Neno hilo halipo tena popote.

Ningemwambia nini Fauzi? Hakuwa amefanya jambo. Na wewe ningekuuliza nini? Wiki iliyofuata nikasikia kwa kinyozi kwamba mwanamke mmoja anaitaka nyumba yote ya Mzee Ghalibu aweke baa, na Azan amekubali, ila jirani wa ukuta hatasaini kwa sababu ni Mwislamu. Nikajiambia, nikisaini, Fauzi ataondoka, na mimi sitakuwa nimemwambia mtu neno lolote. Asali nilimpa Jenifa ili asije akabadili mawazo akaenda Cheyo.

Nilidhani kelele za baa zitanisumbua kidogo kuliko kicheko kile. Sikufikiri kwamba mimi nitakuwa huku na kelele utazisikia wewe. Hapana, nilifikiri. Nikasaini hivyohivyo.

Barua ya kikao iko ndani, safari hii ya kweli:

"Kwa Mwenyekiti. Yah: Kuondoa ridhaa. Nilitoa ridhaa tarehe 4 Februari si kwa kuwa nilitaka baa, bali nilitaka mpangaji wa chumba cha mbele atoke, kwa kuwa nilimwonea wivu kwa ajili ya mke wangu. Mke wangu hakuwa na habari. Kelele zinamtesa yeye na mtoto. Naondoa ridhaa hiyo na napinga baa kuongezewa muda. Mabruki Majidi, mkuu wa kaya."

Sikuigundisha bahasha. Ukiitoa, mtaa mzima utajua, na watu watalisema jina lako pamoja na la Fauzi, hata mimi nikiandika nini. Ukiichana sitakulaumu. Amua wewe.

Mabruki


Gongoni
Jumatano, 12 Juni 2024, jioni

Mabruki,

Nilipoisoma barua yako nililia, halafu nikatafuta kitu cha kuvunja, sikukiona kisicho na faida. Nikakaa siku mbili na ile bahasha ndani ya Kamusi. Kuichana ningeweza. Lakini ningekaa na baa mpaka saa nane usiku, na Jenifa angeendelea kuniamkia shikamoo, nami ningekuwa najua na yeye hajui. Hilo ndilo lililonishinda kabisa.

Leo nimevaa baibui langu jipya. Ukumbi wa kata ulijaa, watu wa baa upande mmoja, sisi upande mwingine. Bwana Leodgar akapokea barua, akaisoma kimya, akanitazama juu ya miwani.

"Mama Ruaa, hii niisome kwa sauti?"

"Barua za wengine umesomaje?"

"Kwa sauti. Ndio utaratibu."

"Basi fuata utaratibu."

Akasoma. Alipofika kwenye wivu, sauti yake ikashuka, watu wa nyuma wakapiga kelele, "Hatusikii!" Ikabidi arudie. Ukumbi wote ukavunjika kwa kicheko. Bi Semeni, yule muuza ubani, akainuka kabisa: "Wivu! Kwa fundi redio! Angekuwa fundi dhahabu je, si angefungua kituo cha polisi?" Jenifa naye akacheka, akasema, "Kumbe asali ile haikuwa yangu!" Karani akapiga meza mpaka rula ikavunjika.

Mimi sikuinamisha kichwa. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakayosema na nikayasema: tarehe zote thelathini na nane, saa ya kuzima muziki kila siku, na daftari nikaliweka mezani. Kurasa za baa tu. Nyingine nilizibana kwa kibanio, maana nimejifunza kwamba watu husoma.

Wamekataa saa nane. Mwisho ni saa tano kama zamani, spika ziondoke ukuta wetu, na leseni ikiisha mwezi wa tisa Jenifa ataanza upya kutafuta saini.

Nje, watu wakitawanyika, Jenifa alinifuata. Hakuniamkia. Akasema, "Mama Ruaa, mimi wanaume wananiletea zawadi ili niwakaribishe. Wa kwako aliniletea ili mwingine aondoke karibu yako. Sijawahi kufanyiwa hivyo na mtu." Akazungusha bangili zake, akaenda. Nikaona kwamba ananionea wivu, na Mungu anisamehe, njia nzima mpaka nyumbani nilitembea polepole.

Lakini usifurahi. Umefungua daftari langu. Umemtoa mtu asiye na kosa kwenye chumba chenye madirisha mawili ukamtia kwenye kibanda. Umeniacha miezi minne sikulala, na katika miezi hiyo uliweza kuniandikia kwamba kelele mtu huzoea. Yote hayo ili usiniulize swali moja.

Na sitakuambia kwamba hakukuwa na kitu. Hakukuwa na kitu cha aibu. Kulikuwa na mtu ambaye kila alasiri aliniuliza siku yangu imekwendaje, halafu akangoja jibu. Wewe ulikisikia kicheko tu. Hukuuliza nilikuwa nacheka nini.

Tiketi za Kigoma sijanunua. Sijasema sitanunua.

Zuwena


Kambini
14 Juni 2024

Mama Ruaa,

Raymundi amenieleza yote, na kambi nzima inaniita fundi dhahabu. Nimevumilia. Nashukuru kwamba spika zinaondoka. Asali ya mwisho tumeshakamua.

Nina swali moja tu, nisamehe. Siku barua iliposomwa, Fauzi alikuwepo ukumbini?

Nijibu upesi, kwa sababu Idi ni Jumatatu na sijui kama nije au nibaki huku.

Mabruki


Gongoni
Jumamosi, 15 Juni 2024

Baba Ruaa,

Nimehesabu: mistari sita na swali moja. Hukuuliza kama nimelala. Hukuuliza kama watoto shuleni wanamtania Ruaa, na wanamtania. Hukuuliza nilicheka nini, ingawa nilikuandikia kwa maneno yasiyofichika kwamba hukuuliza. Umeuliza alikuwepo nani.

Jibu ninalo. Ni neno moja, na lingekaa kwenye karatasi ndogo kuliko hii. Sitaliandika. Nikiandika ndiyo, hutakuja Idi. Nikiandika hapana, utakuja ukifurahi, na mwezi wa tisa Jenifa akileta fomu nitaogopa tena ni nani umemwona barazani.

Mwaka huu tumeandikiana kuliko miaka yote kumi na tatu, na kila jambo la kweli nimelipata nikiwa nimesimama ofisini au baa. Nimechoka kukujua kwa karatasi.

Basi la Mpanda linapita Ipole asubuhi. Panda. Ukifika usipite uchochoroni, pita mbele, mchana, watu wakuone na wakuite wanavyotaka kukuita. Ingia, kaa mbele yangu, niulize kwa mdomo wako ukinitazama usoni: kama alikuwepo, na nilicheka nini, na lolote jingine ulilolificha tangu Januari. Halafu unyamaze mpaka nimalize kujibu, hata nikichukua muda, hata jibu lisipokupendeza. Nami nina ya kukuuliza.

Ruaa na mimi tutakungoja Jumatatu mchana kutwa. Nguo zake bado zimekunjwa. Jumanne hatungoji.

Zuwena